Fahamu: Anayoyapitia mtu wa kujitolea aliye mbali na kwao

Umoja wa Mataifa umeutangaza 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kujitolea kwa Maendeleo Endelevu. Sifa zitakuwa nyingi, lakini machungu ya wanaojitolea husemwa kidogo.

Anayekuja Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa miaka kadhaa kwa kawaida hulipwa posho ya kujikimu tu. Anakuta Kiswahili na Kilingala sokoni, Kifaransa ofisini, na malaria mwaka mzima. Kinachouma zaidi ni simu ya usiku: mzazi amefariki, na mazishi hayatamsubiri.

Kisha kuna hatari. Je, aondoke au abaki? Mwaka 1964 daktari Mmarekani Paul Carlson, aliyehudumu Wasolo, pia nchini Kongo, aliivusha familia yake hadi Jamhuri ya Afrika ya Kati, akarudi kwa wagonjwa. Waasi wa Simba, waliokuwa wakipigana na serikali, walimkamata, na akauawa Kisangani, wakati huo ikiitwa Stanleyville, tarehe 24 Novemba. Daktari Mwingereza Helen Roseveare alipigwa na kubakwa katika uasi huohuo. Alirejea Kongo 1966, akafundisha wahudumu wa afya Nyankunde hadi 1973.

Binafsi naona si haki kumdai kila mtu ujasiri wa namna hiyo. Wanaomtuma mtu wa kujitolea wampe likizo ya kweli na mshauri wa kuzungumza naye, hata baada ya kurudi, maana kurudi nako ni mtihani: marafiki wameshakuwa na maisha mengine, na kazi hana. Wakongomani wanaojitolea pamoja naye wanahitaji msaada huohuo, na wao hawana ndege ya kuwaondoa.