Arobaini na Watano kwa Kila Elfu: Jinsi Karagwe Ilivyohesabiwa na Sababu ya Kuhesabu Tena

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Walikuwa watatu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa haujapata jina la Kiswahili, na baadhi ya wenyeji wa mkoa huo waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichopendwa na kilichoingizwa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Miaka michache baadaye wodi za hospitali zilikuwa zimejaa vijana waliokonda, na katika migomba ya Bukoba na Muleba makaburi mapya yaliongezeka kila msimu.

Lakini wodi iliyojaa haijibu swali ambalo kila mganga na kila mzazi alikuwa nalo: je, ni watu wangapi wanaobeba virusi hivi ilhali wanalima, wanaoa na kuzaa bila kuonyesha dalili yoyote? Hesabu ya hospitali huwaonyesha waliofika hospitali tu. Anayeumwa akiwa karibu na Murongo, kwenye mpaka wa Uganda, ana safari ndefu mpaka Nyakahanga, na huenda akaamua kubaki nyumbani. Aliye mzima wa mwili hana sababu ya kwenda. Virusi vya UKIMWI huweza kukaa mwilini kwa miaka mingi kabla ya kumlaza mtu kitandani. Kwa hiyo wagonjwa wanaoonekana leo ni matokeo ya maambukizi ya miaka iliyopita, nao walioambukizwa leo hawaonekani popote.

Ndiyo maana mwaka 1987 watafiti, miongoni mwao Japhet Killewo wa Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Sweden, waliacha kuwasubiri wagonjwa wakawafuata watu wanakoishi. Mkoa uligawanywa katika kanda nne: moja ya mjini, yaani Bukoba Mjini, na tatu za vijijini. Ndani ya kila kanda sehemu za kufanyia utafiti zilichaguliwa hatua kwa hatua kwa njia ya bahati nasibu, ili mpimaji asielekee kwa anaowafahamu wala palipo na barabara nzuri. Watu wazima 2,475 wenye umri wa miaka 15 hadi 54 walishiriki, pamoja na watoto 1,961.

Matokeo yalionyesha mkoa mmoja wenye sura nyingi. Kwa jumla, asilimia 9.6 ya watu wazima walikuwa na VVU. Bukoba Mjini kiwango kilikuwa asilimia 24.2, karibu mtu mmoja kati ya kila wanne. Ukanda wa Bukoba Vijijini na Muleba ulikuwa na asilimia 10.0. Karagwe, ambayo wakati huo ilikuwa bado wilaya moja pamoja na eneo lililokuja kuwa Wilaya ya Kyerwa mwaka 2012, ilikuwa na asilimia 4.5. Ngara na Biharamulo zilikuwa na asilimia 0.4 tu.

Mtu aliyesoma takwimu hizo harakaharaka angeweza kusema kwamba Karagwe ilikuwa salama. Kusoma hivyo ni kosa, na ni kosa linaloua. Asilimia 4.5 maana yake ni watu 45 kwa kila watu wazima 1,000, na wengi wao hawakuwa na habari. Kiwango cha chini mahali fulani hakithibitishi kwamba kuna kinga. Mara nyingi huonyesha tu kwamba virusi vimechelewa kufika au havijapata njia. Karagwe ilikuwa na njia: wafanyabiashara wa kahawa, ndizi na maharage, mipaka ya Uganda na Rwanda, na baadaye, mwaka 1994, maelfu ya wakimbizi waliovuka kutoka Rwanda. Kwa eneo la namna hiyo, takwimu ya chini ilikuwa nafasi ya kutangulia mbele ya ugonjwa, nayo ni nafasi ambayo Bukoba Mjini ilikuwa imekwisha kuikosa.

Namba hizi zina mipaka yake, na mhudumu wa afya anapaswa kuijua. Tuseme kwa mfano kwamba katika eneo fulani wamepimwa watu 400 na 18 kati yao wana maambukizi. Hiyo ni asilimia 4.5, lakini kwa kuwa ni sampuli, kiwango halisi cha eneo zima chaweza kuwa popote kati ya asilimia 2.5 na 6.5 hivi. Tena, watu waliochaguliwa katika kijiji kimoja hufanana kwa mambo mengi, jambo linaloongeza shaka hiyo. Na iwapo wanaokataa kupimwa ni wale hasa wanaohofia majibu, kiwango kitakachopatikana kitakuwa chini ya ukweli. Mlango mmoja unaofungwa hauharibu utafiti. Milango mingi inayofungwa kwa sababu moja huweza kuupotosha kabisa.

Kipimo nacho kina masharti yake. Mwaka 1987 kila sampuli iliyoonyesha kingamwili katika kipimo cha kwanza ilirudiwa kwa kipimo cha pili cha kuthibitisha. Sababu yake huonekana vizuri kwa hesabu ndogo. Chukulia kipimo kinachowagundua wote wenye maambukizi, lakini kinachokosea kwa mtu mmoja kati ya kila 100 wasio nayo. Kwa watu 1,000 wa eneo lenye kiwango cha asilimia 0.4, kitawaonyesha wanne walioambukizwa kweli, na kitawatia hofu ya bure wengine wapatao 10. Katika mji wenye asilimia 24.2, kipimo hichohicho kitawagundua 242 kwa haki na kuwakosea wanane tu. Kadiri maambukizi yanavyokuwa machache katika jamii, ndivyo jibu moja la kwanza linavyopaswa kutiliwa shaka zaidi. Kwa sababu hiyo mteja wa kituo cha afya anayeambiwa kwamba damu yake itapimwa tena kwa kipimo kingine asidhani kwamba mhudumu anababaisha. Anamlinda.

Watafiti walirudi Kagera mara kadhaa. Gideon Kwesigabo na wenzake waliripoti kwamba Bukoba Mjini kiwango kilishuka kutoka asilimia 24.2 mwaka 1987 hadi 18.3 mwaka 1993, kisha 13.3 mwaka 1996. Muleba ilishuka kutoka 10.0 hadi 6.8 mwaka 1996, na 4.3 mwaka 1999. Karagwe nayo, iliyokuwa na 4.5 mwaka 1987, ilionekana kuwa na 2.6 mwaka 1999. Arobaini na watano kwa kila elfu wakawa ishirini na sita.

Habari hizo zilifurahisha, lakini hazikuruhusu furaha ya haraka. Kiwango cha maambukizi ni kama kina cha maji katika mtungi unaojazwa juu huku ukivuja chini. Maji yakipungua, huenda anayejaza amepunguza kasi. Huenda pia tundu la chini limepanuka. Wanaoongezeka mtungini ni wale wenye maambukizi mapya. Wanaopungua, katika miaka ile isiyo na dawa, walikuwa ni wale waliokufa. Kwa hiyo kiwango kingeweza kushuka hata kama hakuna aliyebadili mwenendo wake, kwa sababu tu jamii inazika. Ili kutofautisha mambo haya mawili, watafiti hawakutosheka na kuhesabu waliokuwa na VVU siku moja. Waliwafuatilia watu wasio na maambukizi kwa muda ili kuona wangapi wangeambukizwa, na waliwaangalia kwa makini vijana, ambao maambukizi yao kwa kawaida ni ya karibuni. Mjini Bukoba maambukizi mapya yalikuwa yamepungua, na kiwango kilishuka hasa miongoni mwa wanawake vijana. Hapo ndipo iliwezekana kusema kwamba watu walikuwa wamebadilika, wala si makaburi pekee yaliyopunguza hesabu.

Leo mtungi huohuo unasomwa kinyume. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza VVU zimekuwa zikitolewa bila malipo nchini Tanzania, na mtu anayezitumia vizuri huishi miaka mingi. Tundu la chini limezibwa kwa sehemu kubwa. Kiwango kinaweza basi kubaki palepale, au hata kupanda kidogo, kwa sababu njema kwamba watu hawafi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wakiishi na VVU. Katika tafiti za sasa swali halikomei kwenye idadi ya walio na virusi. Huulizwa pia wangapi kati yao wanajua hali yao, wangapi wako kwenye dawa, na wangapi virusi vyao vimefubazwa. Hilo la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu mtu ambaye virusi vyake havionekani tena katika kipimo na anayeendelea na dawa hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana.

Njia hii ya kuhesabu si ya VVU peke yake. Homa ya ini aina ya B nayo hukaa kimya mwilini kwa miaka, na chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto nchini mwaka 2002. Ili kuona kizazi kilichochanjwa kinatofautianaje na kilichotangulia, hakuna budi kupima damu za walio wazima. Magonjwa ya mlipuko yana hesabu ya aina nyingine. Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera tarehe 21 Machi 2023, hadi ulipotangazwa kuisha tarehe 2 Juni, waliohesabiwa walikuwa wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki. Huko huhesabiwa kila mgonjwa na kila aliyekutana naye. Katika maambukizi yanayojificha, lazima wapimwe wasioumwa.

Na wasioumwa wana haki ya kuuliza kwa nini wachomwe sindano. Mkazi wa Nkwenda au Omurushaka anayebishiwa hodi na watafiti anastahili kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Runyambo, damu yake itapimwa nini, nani ataona majibu, na kwamba anaweza kukataa bila kunyimwa huduma yoyote kituoni. Sampuli hubeba namba badala ya jina. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka upimaji uwe wa hiari na majibu yawe siri. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayewaongoza wageni mpaka mlangoni ana wajibu mzito kuliko wote, kwa kuwa watafiti wataondoka na yeye atabaki. Neno moja likimtoka dukani au kwenye kilabu cha pombe, mwaka ujao milango itafungwa.

Yapo pia mambo ambayo utafiti haumfanyii mtu binafsi. Asilimia ya wilaya haimwambii mtu yeyote hali yake. Anayetaka kuijua aende kituo cha afya kilicho karibu, na kama alikuwa katika hatari siku za karibuni, arudi baada ya muda atakaoelekezwa, kwa maana kingamwili huchukua wiki kadhaa kuonekana. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu anajisikia nafuu, na akumbushe kliniki tarehe ya kupima wingi wa virusi inapofika.

Kati ya wale 45 kwa kila 1,000 wa mwaka 1987, wengi hawakuishi hadi dawa zilipofika. Damu yao ndiyo iliyouonyesha mkoa mahali ugonjwa ulipokuwa umefika na mahali ulipokuwa ukielekea. Watu wa Karagwe na Kyerwa wanaoombwa leo kushiriki wana jambo moja ambalo wale hawakuwa nalo: mtu akikutwa na virusi, kuna dawa ya kumpa.