Utando wa Nano na Maji ya Jinja na Mbale

Utando wa kuchujia maji ni ngozi nyembamba ya plastiki maalumu yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji husukumwa upande mmoja kwa shinikizo. Yanayopenya hutokea upande wa pili yakiwa safi, na uchafu unaozidi ukubwa wa vitundu hubaki nyuma. Vitundu hivyo hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Kimelea cha kipindupindu kina urefu wa nanomita zaidi ya 1,000, na virusi vingi huwa kati ya nanomita 20 na 300. Utando wenye vitundu vya nanomita 10 hadi 20 huzuia karibu vyote.

Adui mkubwa wa utando ni kuziba. Plastiki nyingi zinazotumika hazipendi maji, hivyo mafuta na mabaki ya viumbe huganda juu yake, na bakteria huota hapo. Dawa yake ni chembe za nano, ambazo huchanganywa na plastiki utando unapotengenezwa. Oksidi ya grafini na dioksidi ya titani huufanya utando uvute maji na kukataa mafuta, na fedha huua bakteria. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kuwa chembe za zeolaiti huongeza kasi ya maji kupita bila kulegeza uchujaji.

Aina ya utando hutegemea uchafu uliopo. Kwa mfano, Mbale nchini Uganda iko chini ya Mlima Elgon, na mvua ikinyesha mito huteremsha tope jingi. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, watu wakafa na mabomba ya maji yakavunjika. Maji ya namna hiyo hubeba tope na vijidudu vya kinyesi. Yakishatuama na kupita kwenye mchanga, utando wa vitundu vya makumi ya nanomita unatosha, na tangi lililoinuliwa mita chache huweza kuyasukuma bila umeme.

Jinja, mji mwingine wa Uganda uliostawi kwa viwanda baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, ina tatizo jingine. Rangi za nguo na kromiamu ya viwanda vya ngozi huyeyuka majini. Ziwa Victoria nalo huota mwani wa buluu-kijani unaoweza kutoa sumu ya mikrosistini, ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Hapa hutakiwa vitundu vya takriban nanomita 1, vinavyohitaji pampu, umeme na mahali pa kutupa uchafu uliobaki.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Arusha, aliunganisha chujio la mchanga na chembe za nano zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa mahali, akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015.

Tahadhari ipo: fedha huweza kuvuja majini, na Shirika la Afya Duniani linaona miligramu 0.1 kwa lita inavumilika. Tena, hakuna utando unaochukua nafasi ya kiwanda kusafisha majitaka yake kabla ya kuyaachia. Maji yapimwe kwanza, ndipo chujio linunuliwe.