Gari la Magurudumu Sita Huanzia kwenye Boriti, Si kwenye Injini

Mtu anapoamua kujiundia gari la magurudumu sita la kubebea mizigo mahali pasipo na barabara, mazungumzo ya gereji huanzia kwenye injini. Itakuwa ya dizeli au petroli? Itoke kwenye pawatila, au kwenye pikapu kuukuu iliyokwisha kuoza bodi? Fedha nyingi huishia hapo, na fremu huchomelewa baadaye kwa mabomba yaliyopatikana. Nadai kwamba mpangilio huo umepinduka. Kinacholifanya gari la aina hii lipite ni namna uzito unavyogawanyika kwa kila tairi muda wote, hata ardhi ikiwa imevurugika kiasi gani, na kazi hiyo haifanywi na injini.

Wengi huamini kwamba tairi zikiongezeka, mshiko nao unaongezeka. Kwenye lami au kwenye mwamba sivyo. Mshiko huko hutokana na uzito unaolemea ardhi, na gari la kilo 1,800 ni lilelile likiwa na tairi nne au sita. Kilichobadilika ni mgawo. Tofauti hujitokeza ardhi inapokuwa laini, na hata hapo hutegemea aina ya udongo. Mchanga mkavu hupata ukinzani wake kutokana na punje kusuguana, na msuguano huo hufuata uzito, kwa hiyo tairi za ziada husaidia kwa sababu tu zinazuia gari lisizame. Udongo wa mfinyanzi uliolowa, kama ule mweusi wa mashamba ya mpunga ya Mwea au wa mbuga za Kanda ya Ziwa, hushikamana wenyewe kwa wenyewe, na nguvu unayoweza kuuegemea kabla haujakatika hutegemea zaidi ukubwa wa eneo lililokanyagwa. Mhandisi Mieczysław Bekker, aliyekulia Poland na kufanya kazi Kanada na Marekani, aliyaweka mambo haya katika hesabu kwenye kitabu chake cha 1956, na ujuzi wake ukatumika baadaye katika gari lililoendeshwa mwezini mwaka 1971. Kwa tairi laini, mgandamizo juu ya ardhi hukaribia kuwa sawa na upepo uliomo ndani. Tairi ya gari dogo inayobeba kilo 300 inaweza kushushwa upepo hadi takriban bar 0.8 kwa mwendo wa polepole, ikakanyaga karibu sentimita za mraba 375. Ibebeshe kilo 450, kama ambavyo ingekuwa kwenye gari la tairi nne lenye uzito uleule, na ubavu wake utakunjika na kupasuka ukijaribu kuipunguza kiasi hicho.

Ushahidi ninaouona kuwa wa wazi kuliko wote ulitoka Urusi ya Kisovieti. Lori la ZIS-151, lililotengenezwa kuanzia 1948, lilikuwa na ekseli tatu zote zikivuta, lakini nyuma lilivaa tairi pacha, jumla tairi kumi. Lilisumbua sana kwenye matope na theluji, kwa kuwa tairi za nyuma zilikuwa pana kuliko njia iliyofunguliwa na zile za mbele, na kila mara zililazimika kukata udongo mpya. Mrithi wake wa 1958, ZIL-157, lilikuwa kwa sehemu kubwa lori lilelile, na injini yake iliongezwa nguvu kidogo tu. Ila tairi pacha ziliondolewa zikabaki sita, zote zikipita katika mkondo mmoja, na dereva aliweza kupunguza na kuongeza upepo wake akiwa kitini. Lori hilo likasifika kwa kupita pale mtangulizi wake alipokwama. Tairi zilipungua, safari ikawa nyepesi, kwa sababu gurudumu la pili na la tatu yalikuta udongo uliokwisha kushindiliwa na la kwanza. Kwa hoja hiyohiyo pikipiki ya magurudumu matatu ya mizigo, iwe guta au toyo, hutaabika kwenye tope kuliko ukubwa wa mzigo wake unavyostahili: kila gurudumu hujichimbia mfereji wake.

Lakini faida hii yote ina sharti. Fundi akizichomelea ekseli tatu kwenye fremu ngumu, au akazitundika kila moja kwenye springi zake ngumu, magurudumu sita hayapo tena pindi ardhi inapopinda. Ekseli ya kati ikipanda tuta, ya mbele na ya nyuma huning'inia na uzito wote humwagika katikati. Hapo ndipo chesisi hupasuka. Ikipita juu ya mfereji, ya kati haibebi chochote, na umebaki na gari la magurudumu manne lililobeba mawili ya ziada kama mzigo. Dawa yake ni ya zamani na inaweza kufanywa na mchomeleaji yeyote makini: magurudumu mawili ya nyuma ya kila upande yafungwe kwenye ncha za boriti moja, na boriti hiyo izunguke juu ya egemeo lililo katikati yake. Ni mzega. Egemeo likiwa katikati kamili, ncha mbili haziwezi kubeba uzito tofauti, hata gurudumu moja likiwa juu ya gogo na jingine likiwa shimoni. Na gurudumu moja likipanda sentimita 20, egemeo hupanda 10 tu, kwa hiyo mzigo hautikisiki sana. Kampuni ya Scammell ya Uingereza ilijenga lori lake la Pioneer kwa wazo hili tangu 1927, na majeshi yalilitumia kuvutia mizinga na kukokota vifaru vilivyoharibika. Magari ya utafiti yaliyopelekwa Mars, kuanzia Sojourner ya 1997 hadi Perseverance ya 2021, nayo husimama juu ya magurudumu sita yaliyounganishwa kwa boriti za egemeo bila springi. Yale hutembea chini ya mita 200 kwa saa. Gari letu litakalokwenda kilomita 15 au 20 kwa saa litategemea ulaini wa tairi kumeza mitikisiko iliyobaki.

Ekseli ya mbele itundikwe kwa pini moja ya katikati, jinsi trekta nyingi zilivyo. Chesisi inakuwa imeegemea nukta tatu tu, yaani boriti mbili na pini moja, na kitu kinachoegemea nukta tatu hakiyumbi popote kiwekwapo. Kisha mzigo uwekwe mahali pake. Ikiwa tunataka kila gurudumu libebe sawa, boriti zichukue theluthi mbili za uzito na mbele theluthi moja. Kitovu cha uzito kikae theluthi mbili ya umbali kutoka ekseli ya mbele hadi kwenye egemeo. Umbali huo ukiwa sentimita 210, kitovu kikae 140 nyuma ya ekseli ya mbele. Vipimo viwili hivi vinastahili kuchorwa kwa chaki sakafuni kabla bomba lolote halijakatwa.

Kuna mtego mmoja ambao huwafanya watu waikatae boriti baada ya kuijaribu. Gari likivuta kwa nguvu, gurudumu la mbele la boriti hunyanyuka na la nyuma huzama, na mgawo sawa tulioutafuta unapotea wakati ule unapohitajika zaidi. Chanzo ni ardhi kuisukuma tairi mbele kwa chini, jambo linaloikunja boriti kuelekea nyuma. Nguvu ya kuzungusha inayoingia kupitia shafti ya egemeo huikunja kinyume chake. Kama boriti ni boksi lenye cheni ndani, sproketi za egemeoni na za magurudumuni zikiwa na meno sawa, na egemeo likiwa usawa mmoja na vitovu vya magurudumu, nguvu hizo mbili hufutana, boriti ikabaki tulivu hata gari likivuta hadi mwisho. Fundi anayepunguza mzunguko ndani ya boriti, kwa sproketi ndogo egemeoni na kubwa gurudumuni, huvunja ulinganifu huo. Upunguzaji wote ufanyike kabla ya kufika kwenye egemeo. Ndiyo, cheni na shafti zitabeba nguvu kubwa zaidi na zitakuwa nene na ghali. Hiyo ni gharama ninayoona inafaa kulipwa.

Sasa injini. Gari la kilo 1,800 linalopanda mlima wa asilimia 30 wenye tope linahitaji kusukumwa kwa takriban nyutoni 7,600, tukihesabu mteremko pamoja na ukinzani wa udongo. Dizeli ya silinda moja ya nguvu farasi 12, ileile inayoendesha mashine za kusaga na pawatila, hutoa kama kilowati 9. Robo ikipotea njiani kwenye mikanda, gia na cheni, inabaki ya kutosha kulipandisha kwa kilomita 3 kwa saa. Ni mwendo wa mtu aliyebeba mzigo, na kwa gunia la mpunga unatosha kabisa. Tatizo ni kwamba injini inazunguka mara 2,200 kwa dakika wakati tairi yenye mzingo wa mita 2.2 inatakiwa kuzunguka mara 24 hivi. Mzunguko upunguzwe mara 90. Gia ya kwanza ya pikapu na difu yake, kila moja ikipunguza karibu mara nne, hukupa 16 tu. Ndiyo maana gari lenye injini kubwa lakini gia nyepesi huunguza klachi kwenye tope. Giaboksi mbili zikifuatana, pamoja na puli za mkanda, hufikisha 90 bila shida. Ila giaboksi ya pili hupokea nguvu iliyokwisha kuzidishwa mara nne, kwa hiyo itoke kwenye gari kubwa kuliko ile ya kwanza. Mwingereza Anthony Howarth alionyesha mwaka 1984 jinsi wepesi unavyoweza kuchukua nafasi ya nguvu: magari yake matatu ya Africar, mojawapo la magurudumu sita, yalijengwa kwa mbao za plywood zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi juu ya mitambo midogo ya Citroën, yakafunga safari kutoka Aktiki hadi ikweta. Kampuni yake ilianguka 1988, lakini hilo halikubatilisha safari iliyokwisha kufanyika.

Atasimama mtu aulize kwa nini nimeyaacha magurudumu ya mbele bila kuvuta, ilhali GMC za kijeshi za Vita vya Pili vya Dunia, zilizozalishwa zaidi ya 500,000, na Pinzgauer za magurudumu sita za Austria zilivuta kwa yote sita. Swali ni la haki, na jibu ni la hesabu: boriti mbili zinazobeba theluthi mbili za uzito tayari hutoa theluthi mbili za mshiko wote. Theluthi iliyobaki inadai jointi zinazoweza kupinda huku zikizunguka, giaboksi ya kugawa nguvu na shafti nyingine ndefu, yaani vitu vinavyokufa mapema na visivyochongeka mtaani. Kasoro ya kweli ni kwamba gurudumu lisilovuta hugoma mbele ya ngazi kali; tairi ya mbele yenye kipenyo kikubwa hupunguza tatizo, haiondoi. Na kuvuta kwa yote kuna adhabu zake. Stalwart ya Waingereza, iliyokwenda majini na nchi kavu, ilifunga magurudumu ya kila upande yazunguke pamoja, na ikiendeshwa muda mrefu kwenye lami mitambo yake ilijikaza hadi kuumia, kwani hakuna tairi mbili zinazokwenda umbali sawa kabisa. Boriti zetu zina tabia hiyo pia, kwa kiasi kidogo. Vitovu vya magurudumu visitengane zaidi ya kipenyo cha tairi na nafasi ya vidole, ili gari likikata kona yasiburuzike.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mwenye pawatila na tela. Anacho chombo, anazo spea, na mekanika yupo kijijini. Lakini tela huweka uzito wa mzigo juu ya magurudumu yasiyovuta. Kadiri magunia yanavyoongezeka, ndivyo pawatila nyepesi inavyoteleza. Kwenye gari la boriti mzigo wenyewe huyagandamiza magurudumu yanayovuta. Kwa mzigo usiozidi kilo 500 au 600, hata hivyo, namkubalia: magurudumu manne makubwa, au tela lake, yatamgharimu kidogo na kumfaa vilevile.

Usalama unahitaji ukali kuliko yote. Gari lenye upana wa sentimita 140 kati ya tairi, na kitovu cha uzito kwenye kimo cha 80, kwa hesabu ya kawaida hupinduka likiinama digrii 41. Lakini tumeliegemeza mbele kwa pini moja. Limesimama juu ya pembetatu, na pale ulipo uzito nusu ya upana ni sentimita 47 tu. Hesabu ya tahadhari inashuka hadi digrii 30, na magunia yakirundikwa mpaka kitovu kifike 110, hadi 23. Kwa hiyo pini ya mbele iwe na vizuizi vinavyokatiza mzunguko wake, kitanda kiwe chini, na kingo zake ziwe fupi ili mpakiaji asishawishike. Breki ziwe kwenye magurudumu ya boriti na zijitegemee, kwani cheni ikikatika mlimani injini haizuii chochote. Na libaki shambani: barabara kuu ina masharti ya ukaguzi ambayo gari hili halikuundwa kuyatimiza.

Chesisi ijaribiwe kabla injini haijanunuliwa. Ipakiwe mifuko ya mchanga hadi uzito kamili, ivutwe kwa winchi ili gurudumu moja tu la boriti lipande gogo la sentimita 30, na mzani wa ghala upitishwe chini ya kila tairi, zile nyingine zikiinuliwa kwa vibao vya kimo kilekile cha mzani. Tofauti kati ya magurudumu mawili ya boriti moja ikizidi kilo 30, egemeo haliko katikati au bushi imebana. Likatwe na kuchomelewa upya hapohapo, wakati fremu bado ni tupu na hakuna shafti wala nyaya za kuondoa.