Kufu katika Ndoa: Haki ya Nani? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye posa inayorudishwa kwa maneno mawili: "Si kufu," yaani mposaji hamlingani binti kwa daraja. Leo tutazame maneno hayo yana uzito gani katika sheria.

Masheikh wetu wa pwani, tangu Lamu hadi Unguja na Ngazija, wamesomeshwa fiqhi ya Imamu Shafi, na Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni miongoni mwa vitabu wanavyovitegemea. Humo kufu hupimwa kwa kusalimika na aibu zinazoruhusu ndoa kuvunjwa, uhuru, nasaba, uchaji na kazi. Kwenye kazi Nawawi anachambua hasa: mfagiaji, mpiga chuku na mchungaji hawalingani na binti wa mshona nguo, mshona nguo halingani na binti wa mfanyabiashara, na wote hao hawamfikii binti wa mwanachuoni au kadhi. Lakini mali, kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwake, haihesabiwi. Basi mzee anayemrudisha kijana kwa kuwa hana nyumba wala gari, asimsingizie Nawawi.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba kufu ni haki, na mwenye haki anaweza kuisamehe. Mwanamke akiridhia na walii wake akaridhia, ndoa inasihi hata kama mume ni wa daraja la chini. Mfano ni Fatima binti Qays, aliyekuwa Mkureshi, mtu wa nasaba ya juu. Alipoachwa na eda yake ikamalizika, aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaenda kumtaka Mtume ushauri. Mtume akamwambia Muawiya ni fukara, na Abu Jahm fimbo haimtoki begani. Aolewe na Usama. Usama alikuwa mtoto wa Zayd, mtumwa aliyeachwa huru. Fatima hakupendezwa. Mtume akarudia, naye akakubali, na baadaye akasimulia mwenyewe kheri aliyoipata katika ndoa ile.

Kisa hiki kinasomwa madarasani kwetu, na bado baada ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa Unguja, watoto wa walioachwa huru waliendelea kuulizwa babu zao walikuwa wa nani. Hilo linaniuma. Kinga aliyowekewa binti asitupwe kwa mtu atakayemdhalilisha imegeuzwa silaha ya ukoo, na binti mwenyewe hata haulizwi.

Walii naye ana mipaka. Binti akimtaka mume aliye kufu yake, na walii akakataa bila sababu ya kisheria, walii huyo amemzuilia haki yake, na kadhi anaweza kumwozesha. Mabinti wengi hawalijui hili, na mawalii wengine wanaolijua hunyamaza.

Juma lijalo, inshallah, tutaingia kwenye mahari.