Fahamu: Picha ya delta ya Rufiji inavyotiwa chenga kwa kipimo
Picha za rada za setilaiti ya Sentinel-1, zinazopenya mawingu na kuonyesha mikoko na mafuriko ya delta ya Rufiji, kata ya Salale ikiwemo, huja na chenga. Programu za kuzisafisha hujaribiwa kwa kutia chenga za makusudi kwenye picha safi, kwa uwiano uliochaguliwa kati ya nguvu ya picha na nguvu ya chenga. Kwanza hutafutwa nguvu ya picha: wastani wa miraba ya thamani za pikseli. Ikiwa ni 10,000, na uwiano unaotakiwa ni desibeli 20, yaani mara 100, nguvu ya chenga huwa 100. Kipeuo chake cha pili, 10, ndicho kipimo cha mtawanyiko wa namba nasibu, zenye wastani wa sifuri, zinazojumlishwa kwenye pikseli. Kwa rada hilo halitoshi: chenga zake huzidishwa, hazijumlishwi, hivyo sehemu angavu huchafuka zaidi ya maji yenye giza.