Je, Wajua? Herufi Moja, Taji Moja, na Umri wa Kitu Ulichookota

Je, wajua kwamba detekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa, ilishawahi kupitishwa juu ya mwili wa rais? Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakahangaika wasijue imejificha wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akaleta chombo chake cha kunasa metali. Kikawa kinalia ovyo, na lawama zikaangukia springi za chuma za godoro! Garfield alifariki Septemba ya mwaka huohuo.

Chombo hicho kilikuja kukomaa vitani. Mwaka 1942, kwenye mapigano ya El Alamein kule Misri, askari walisafisha njia kwa mashine iliyobuniwa na Mpolandi Józef Kosacki. Wao walitafuta mabomu. Leo watu wanatafuta sarafu na vifungo.

Sasa sogea karibu, hii ni tamu. Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne nchini Uingereza, mkulima alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake mwenye detekta aje amsaidie kuitafuta. Rafiki akaibuka na sarafu 14,865 za Kirumi: 569 za dhahabu, 14,272 za fedha na 24 za shaba! Na nyundo je? Ilipatikana, na leo nayo imehifadhiwa British Museum pamoja na hazina yenyewe.

Unajua wataalamu walijuaje ilifukiwa lini? Walitafuta sarafu changa kuliko zote, wakakuta ni ya mwaka 407 au 408. Hazina haiwezi kufukiwa kabla sarafu yake ya mwisho haijatengenezwa. Kanuni ndogo, lakini ndiyo mama wa kazi yote hii.

Usidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000 za fedha kwa mkupuo mmoja. Nyingi zilikuwa na majina ya watawala wa hapa hapa pwani, ila mwaka hazikuandikwa. Zilizookoa jahazi ni dinari chache za dhahabu za Wafatimi wa Misri zilizokuwa humo humo: hizo zina tarehe, na zinatupeleka karne ya 11. Pemba ilikuwa na fedha yake miaka elfu moja iliyopita, ndugu msomaji!

Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa nazo hazina mwaka. Zina nini basi? Zina vina! Upande mmoja lipo jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zinapokezana kwa kina kimoja. Mimi sijui benki kuu ya leo inayojisumbua kiasi hicho.

Na zilitembea. Sarafu ya Kilwa imeokotwa Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Lakini shika kiti chako: mwaka 1944 askari wa Australia aliyekuwa zamu kwenye kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake, aliokota sarafu 9 mchangani, na 5 kati ya hizo zilikuwa za Kilwa! Nne zilizobaki zilikuwa za kampuni ya Kiholanzi ya VOC. Zilifikaje huko? Watu wanabishana mpaka leo.

Je, wajua kwamba Kilwa iligonga na dhahabu? Mwaka 1991 zilitangazwa sarafu tatu za dhahabu zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Ndiye sultani aliyempokea msafiri Ibn Battuta alipotua Kilwa mwaka 1331.

Sarafu ya duara yenye tundu la mraba katikati ni ya wapi? Mara nyingi ya China. Moja ya namna hiyo ilifukuliwa kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na kutangazwa mwaka 2013. Juu yake limeandikwa jina la enzi ya Yongle, mfalme aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Ndiye aliyemtuma baharia Zheng He na majahazi yake hadi pwani yetu. Nyingine ya enzi hiyohiyo ilishapatikana Mambrui.

Haya, chukua kalamu, nikupe ujanja. Umeokota pesa ya shaba ya Zanzibar yenye picha ya mizani, na tarehe inasoma 1299. Usikimbilie kutangaza kwamba ni ya karne ya 13! Huo ni mwaka wa Hijria. Zidisha 1299 kwa 0.97, jumlisha 622, unapata 1882. Umeshamfikia Sultan Barghash bin Said.

Mwaka mwingine unaodanganya ni 1780. Zile reale kubwa za fedha zenye sura ya mama mnene, Maria Theresa wa Austria, zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki. Zilipendwa sana Uhabeshi, Uarabuni na Zanzibar, na wafanyabiashara walikataa yoyote yenye tarehe tofauti. Basi wakaendelea kuzigonga vilevile: Vienna, Roma, London, Bombay. Hata leo Vienna bado wanazitoa, na mwaka ni uleule! Kila moja ina uzito wa gramu 28 na kidogo. Kwa hiyo anayekuuzia "reale ya mwaka 1780" huenda anakuuzia iliyotoka kiwandani juzi.

Kuna wafalme waliodanganya kwa jina pia. Peni za fedha za Uingereza zilizotolewa kuanzia 1180 zina jina HENRICUS, yaani Henry. Akaja Richard, akaja John, na jina likabaki Henry tu! Ukiokota moja, tazama msalaba ulio nyuma. Ukiwa mfupi, ni ya kabla ya 1247. Ukiwa mrefu hadi ukingoni, ni ya 1247 au baadaye: waliurefusha ili wezi wa kukata kingo za fedha waonekane haraka. Na ukiokota nusu au robo, usidhani imevunjwa na jembe. Watu walizikata wenyewe kwa kufuata msalaba ili wapate chenji.

Turudi nyumbani. Rupia ya India ilitembea sana pwani yetu, na reli ya Uganda ilipojengwa kuanzia 1896 rupia zikapanda nayo hadi bara. Ukipata yenye Victoria, soma cheo chake. Akiitwa Malkia tu, rupia ni ya kabla ya 1877. Akiitwa Malkia wa Dola, ni ya 1877 au baadaye. Neno moja, umeshajua!

Je, wajua kuna rupia iliyokataliwa kwa sababu ya nguruwe? Mwaka 1911 zilitoka rupia za George V, na kwenye joho lake palichorwa tembo. Tembo mwenyewe akatoka mfupi, mnene, mkonga haueleweki, watu wakaona nguruwe. Waislamu walikasirika, serikali ikazikusanya na kuziyeyusha, na mwaka 1912 tembo akachorwa upya akiwa tembo kweli.

Tafuta herufi ndogo. Kwenye sarafu za Wajerumani wa Afrika Mashariki, A ni Berlin, J ni Hamburg. Na T? T ni Tabora! Mwaka 1916 meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, fedha haiingii, askari wanadai mishahara. Wajerumani wakageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha fedha. Sarafu za shaba za heli 20 zikatengenezwa kwa maganda ya risasi na mabaki ya mitambo. Dhahabu ikaletwa kutoka mgodi wa Sekenke, wakagonga sarafu za rupia 15 zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilitoka 16,198 tu, kisha Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Zile heli za shaba ni za kutazamwa kwa karibu: maandishi yamepinda, kingo hazilingani, unaona kabisa kazi ya watu wenye haraka. Kwangu mimi hazina mpinzani kwa uzuri.

Waingereza nao walikuwa na majaribio yao. Mwaka 1907 walileta Afrika Mashariki na Uganda sarafu za aluminiamu, miongoni mwa za kwanza kabisa duniani. Unyevu wa huku ukazitafuna, na kufika 1909 senti moja ilikuwa imebadilishiwa metali.

Mwaka 1936 Mfalme Edward VIII alitawala miezi isiyotimia 11, akaacha kiti kwa ajili ya mwanamke aliyempenda. Kwao Uingereza sarafu zake hazikuingia sokoni. Huku kwetu ziliingia! Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka huo zina jina lake. Siri ni tundu la katikati: sarafu yenye tundu haina nafasi ya sura, inabeba jina na pembe za ndovu tu, kwa hiyo hapakuwa na picha ya kusubiri. Kafungue kopo la bibi leo leo.

Na ile shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba? Ikiwa ni ya 1946 au kabla, robo yake ni fedha halisi. Kuanzia 1948 fedha imetoka, imebaki shaba na nikeli, na cheo cha mfalme kuwa mtawala wa India kimefutwa, kwa kuwa India ilikuwa imeshajitawala.

Shilingi ya Kenya yenye Mzee Kenyatta: kama hakuna maandishi kuzunguka kichwa chake, ni ya 1966 hadi 1968. Maandishi yalianza 1969.

Sasa vifungo, na hapa watu wengi hutupa hazina. Je, wajua kwa nini mashamba ya Uingereza yamejaa vifungo? Matambara ya sufu yaliuzwa kwa wakulima kama mbolea, na vifungo vikaenda navyo!

Kigeuze kwanza. Nyuma ya kifungo ndiko kuna habari: jina la mtengenezaji, mtaa, wakati mwingine sifa kama "dhahabu mara tatu". Dhahabu yenyewe ilikuwa ya kunusa tu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1796 ilidai angalau punje 5 kwa vifungo 144 vya inchi moja, yaani kama theluthi ya gramu kwa vyote hivyo!

Kifungo chenye nambari ni cha kikosi. Jeshi la Uingereza lilianza kuweka nambari mwaka 1767, na mwaka 1871 askari wa kawaida wakapewa kifungo kimoja cha wote chenye nembo ya ufalme. Cha askari wa kawaida kikiwa cha kijivu, cha mchanganyiko wa bati, kimevaliwa kabla ya 1855. Cha shaba ya njano, baada ya hapo. Ona, kifungo kimoja kimekupa miaka yake bila hata kuandikwa tarehe.

Mabaharia nao? Nanga tupu, kabla ya 1812. Nanga yenye taji juu, 1812 na kuendelea.

Na taji lenyewe litazame vizuri. Limevimba juu kama kichuguu: mara nyingi ni la wafalme wa 1901 hadi 1952. Limebonyea katikati: ni la malkia, ama Victoria ama Elizabeth II. Ujanja huu unafaa hata kwa vifungo vya polisi wa kikoloni vilivyosahaulika kwenye makopo ya mafundi cherehani wetu.

Marekani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, kifungo chenye tai kwa kawaida ni cha majeshi ya Kaskazini. Kwa upande wa Kusini, herufi I ni askari wa miguu, A mizinga, C wapanda farasi. Na wapo wanaofukua vifungo vya mwaka 1789 vyenye herufi GW, vilivyovaliwa George Washington alipoapishwa!

Umewahi kusikia kwamba jeshi la Napoleon liliganda Urusi mwaka 1812 kwa sababu vifungo vya bati viligeuka unga? Ni kweli kwamba bati safi, chini ya nyuzi 13 za joto, linaweza kuanza kugeuka unga wa kijivu. Ila jambo hilo huchukua muda mrefu, na wanahistoria wengi hadithi ya vifungo hawaiamini. Mimi pia siiamini, lakini naipenda.

Jambo moja nakusihi: usisugue! Usitie ndimu, usitie majivu, usitie dawa ya meno. Ule ukijani juu ya shaba umechukua karne kujijenga, na ukiung'oa unaondoka na maandishi. Maji safi na subira vinatosha.

Na kabla hujapeleka detekta kwenye magofu, jua sheria. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Kenya, sheria ya 2006 inahesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Ukikiona, kiache kilipo, kipige picha, kawaite watu wa makumbusho. Sarafu iliyong'olewa mahali pake haiwezi tena kusema ilikuwa imelala na nani.