Sikio Kabla ya Spana

Gari lilichemka mara ya tatu palepale, kwenye mpando wa kutoka Homa Bay kwenda Rongo, nami nilikuwa nimekwisha kubadilisha rejeta. Kabla ya rejeta nilikuwa nimebadilisha thamostati. Baada ya siku ile nikanunua na pampu ya maji, kwa pesa zilizokuwa zimetengwa kwa karo, na bado likachemka. Gari lenyewe ni Datsun 1600 SSS aliloniachia baba. Nalitengeneza mwenyewe, chini ya mwembe hapa nyumbani Masara, upande wa Migori, na kazi yangu ni ufundi wa injini. Ugonjwa niliukuta mahali ambapo sikuwa nimetazama: ndani ya distribyuta. Pengo lililopaswa kuwa la nusu milimita lilikuwa limebaki unene wa karatasi.

Wenye magari ya aina hii, iwe Datsun, Lancer ya zamani, Peugeot 504 au Alfa Romeo, huniuliza swali lilelile: "Fundi, nibadilishe nini?" Nami huwajibu, "Usibadilishe kitu, jaduong'. Tupime kwanza." Naeleza hapa jinsi pengo lile lilivyoyachemsha maji, kwa kuwa anayelielewa atajiepusha na gharama nyingi.

Ndani ya distribyuta mna vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Mafundi huviita kontakti pointi. Vikigusana, umeme unapita kwenye koili. Vikiachana, koili inatupa cheche kwenye plagi. Kinachoviachanisha ni kisigino kidogo cha plastiki ngumu, kinachosukumwa na mhimili wenye pembe nne, pembe moja kwa kila silinda. Kisigino hicho hulika taratibu, kama soli ya kiatu. Kadiri kinavyolika ndivyo pengo linavyopungua, pointi zinachelewa kuachana, na cheche inachelewa nazo. Petroli inawaka wakati pistoni tayari inashuka. Joto lililopaswa kuisukuma pistoni linaishia kwenye kuta za silinda na kwenye valvu za moshi. Gari linakosa nguvu, dereva anakanyaga zaidi, joto linazidi, maji yanachemka. Rejeta haikuwa na kosa.

Tiba ilihitaji fila geji, bisibisi na nusu saa. Kwa injini ya Datsun ya wakati ule pengo huwa kati ya milimita 0.45 na 0.55. Ukishalipanga, paka mhimili grisi kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti ili kisigino kisilike haraka, kisha hakikisha taimingi, kwa sababu pengo likisogea, taimingi nayo imesogea. Fanya hivyo kila baada ya kilomita elfu chache. Ukiona nyuso za pointi zimeungua na kuota kijinundu upande mmoja, shuku kondensa.

Magari haya yana heshima yake katika nchi yetu, na heshima hiyo ilipatikana mikononi mwa mafundi. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda Safari Rally kwa Datsun 1600 SSS, na mwaka uliofuata akashinda kwa 240Z. Peugeot 404 ilikuwa imeshinda mwaka 1963 na tena 1968, miaka miwili ambayo kila mara magari 7 pekee yalifika mwisho. Ninayemkumbuka zaidi ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeanza maisha akishika spana gereji. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kukimbia Safari ya mwaka uliotangulia. Gari lililotumika, lililofunguliwa na kufungwa upya na mtu aliyelijua kila nati, liliyashinda mapya. Alirudia ushindi mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Jambo hilo lina uzito leo kwa sababu magari haya hayaongezeki. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo mengi unayoyaona yaliingia zamani, na spea zake ni za kutafutwa Grogan kule Nairobi, barabara ambayo siku hizi inaitwa Kirinyaga, au za kutolewa kwenye gari lililokufa. Ukitupa kabureta nzima kwa kosa la kudhani, huenda usipate nyingine. Kupima hakuli spea.

Nirudi kwenye maji, maana ndiyo yanayoua injini hizi. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji hayangoji digrii 100. Yanachemka kwenye takriban digrii 96. Thamostati ya kawaida hufunguka kwenye 82. Utaona nafasi iliyobaki ni ndogo, na ndiyo maana kifuniko cha rejeta ni kifaa kamili cha injini. Kifuniko kizima hushikilia shinikizo, na shinikizo la takriban bar 0.9 hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu digrii 115. Mpira wake ukichoka, unarudi kwenye 96 bila kujua. Kabla ya kununua rejeta, nunua kifuniko.

Injini ikichemka, zima, kaa kivulini, usifungue kifuniko cha rejeta. Silinda hedi ya Datsun hii ni ya aluminiamu, hali kadhalika ya Peugeot 504, nayo imefungwa juu ya bloki ya chuma. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukimwaga maji ya baridi humo, upande mmoja unanywea huku mwingine bado umetanuka, na hedi inapinda. Hapo gaskiti inaungua, na maji yanaingia kwenye oili. Kujua kama hedi imepinda, isafishe, weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake kwa urefu, kwa upana na kwa kona, kisha jaribu kupitisha fila geji chini yake. Ikipita ya milimita 0.1, hedi iende ikachongwe. Usiifunge tena kwa kutumainia gaskiti mpya.

Vumbi letu nalo lina namna yake. Dhahabu inayochimbwa huku imo ndani ya kwatzi, na vinu vinavyosaga mawe hayo vinaacha unga mweupe unaopeperuka hadi barabarani na kuchanganyika na murram. Kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe ikipita kwenye kichujio cha hewa inakwenda kukwangua ukuta wa silinda kama msasa, na injini inaanza kula oili. Nimefungua injini za gari na za posho mill zilizokufa hivyo hivyo. Kichujio cha karatasi kikaguliwe kila wiki kwa anayepita njia ya Migori hadi Masara kiangazi, na kionekane kimekaa sawasawa kwenye mpira wake, maana vumbi linapita pembeni ya kichujio kizuri kilichokaa vibaya.

Kwenye breki sina mzaha hata kidogo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya, yanachemka mapema kwenye mteremko, pedali inazama hadi sakafuni. Yabadilishwe kila miaka miwili hata kama gari limelala. Asikudanganye mtu kujazia oili ya injini: mipira ya breki itavimba na kuharibika yote. Na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Mawe na matofali hupasuka bila kuonya. Weka stendi za chuma, tikisa gari, ndipo uingie.

Sasa kabureta, kazi ninayoipenda kuliko zote. Hewa ya pwani ni nzito. Huku ziwani imepungua kwa takriban moja ya nane. Kabureta iliyopangwa Mombasa ikiletwa Homa Bay itamimina petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo. Plagi zinatoka nyeusi kwa masizi, gari linanuka petroli, mlio wa sailensa unakuwa mzito. Wengi hapo husema pete za pistoni zimekwisha.

Datsun 1600 SSS ina kabureta mbili zenye pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa, na aina hiyo hukueleza hali yake bila mashine. Injini ikiwa imepata moto na ikinguruma polepole, inua pistoni ya kabureta moja kwa ncha ya bisibisi nyembamba, kama milimita moja tu. Injini ikiongeza kasi na kubaki hapo, petroli ni nyingi. Ikitaka kuzima, petroli ni kidogo. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, umepata. Petroli ikiwa nyingi, zungusha nati iliyo chini ili jeti ipande, robo mzunguko, kisha ujaribu tena. Juu ya pistoni kuna kijichupa cha oili nyepesi. Kikikauka, gari linasita unapokanyaga ghafla, na watu hulaumu pampu.

Lakini kabla ya kugusa nati hiyo, kabureta zote mbili zivute hewa sawa. Hapa nahitaji kimya, ndiyo maana naifanya Jumamosi jioni, posho mill ya sokoni ikishazimwa na vinu vya dhahabu vikipumzika. Nalegeza kiungo kinachounganisha kabureta hizo. Nachukua kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono, nusu inchi hivi, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya mbele. Nausikiliza mvumo wake, kisha nahamia ya nyuma, mpira ukiwa umekaa vilevile. Inayovuma kwa nguvu zaidi nageuzia skrubu yake nje kidogo, iliyo dhaifu naiongezea. Narudi mbele, narudi nyuma, mara tano, mara sita, hadi mvumo wa kwanza na wa pili niwe siwezi kuutenganisha. Ndipo nakaza kiungo, narudisha kichujio, na injini inaacha kutetemeka.